Wajane wa Mteremkoni

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofika na udongo kwenye viatu kwa kuwa mmepitia kitaluni kwanza, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba mtulie kidogo msikie maisha ya mpendwa wetu, kama yalivyoandikwa na mume wake na kama yanavyosomwa na mdogo wake wa kiume, ambaye ameonywa asiongeze chumvi, maana marehemu hakuipenda chumvi ya maneno, na miaka ya mwisho daktari alimkataza hata ile ya chakula.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, safu ya pili, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mpasua mbao na mshona nguo. Vumbi la mbao lilikuwa kila mahali katika nyumba ile, kwenye mikunjo ya mapazia, kwenye nyusi za baba, ndani ya cherehani ya mama, na marehemu alipenda kusema kwamba aliijua harufu ya mvule miaka mingi kabla ya kuuona mvule uliosimama, kwa sababu baba yake alirudi na harufu hiyo mabegani kila jioni. Alipokuwa mdogo kabisa aliamini kwamba miti huzaliwa ikiwa imelala, na kaka zake walimcheka kwa jambo hilo mpaka wakaota mvi.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1969, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya bweni, alikosoma kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1973. Huko ndiko alikopewa jina lililomfuata maisha yake yote. Nyuma ya jiko la shule palikuwa na mpera, na kila wenzake walipotaka kuyashambulia mapera yangali magumu kama kokoto, yeye aliwaambia wasubiri, na wenzake wakamwita Bi Subiri, kwanza kwa kumkejeli, kisha kwa mazoea, na mwisho kwa heshima, kwa kuwa yeye peke yake hakuumwa tumbo. Baada ya sekondari alikaa nyumbani karibu miaka mitatu akimsaidia mama yake kushona, wakati baba akiuguza mkono ulioumizwa na msumeno, kisha Septemba 1976 akajiunga na chuo cha misitu, akiwa mmoja wa wasichana watatu katika darasa zima, na akapata cheti chake Juni 1978. Katika chuo hicho alifundishwa, pamoja na mengi mengine, kwamba miti ya mvule ipo ya kiume na ya kike, kwamba mti dume hutoa maua tu na mti jike ndio huzaa, na swali la jambo hilo lilipokuja kwenye mtihani alilijibu sawasawa. Familia inawaomba mlikumbuke swali hilo, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisahau, ingawa alilikumbuka kwa kuchelewa.

Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa na shirika la hisani la kuhifadhi misitu ya asili, ambalo wakati huo lilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi ya chuma iliyounguruma kila mtu alipopanda, hivyo hakuna aliyewahi kuchelewa kazini kwa siri. Dirisha la chumba cha nyuma lilitazama mteremko uliokuwa msitu wa mivule zamani za babu zetu, ukakatwa kulisha matanuri ya matofali, ukachomwa, ukabaki nyasi na visiki vilivyokufa. Mwaka 1981 shirika lilikabidhiwa mteremko huo liurudishe kuwa msitu, na ili mipaka ijulikane alitumwa mpima ardhi kijana, aliyetoka chuo kikuu akijiona anajua kila pembe ya dunia. Marehemu alipewa kazi ya kushika ncha ya pili ya utepe wa kupimia. Mpima alipomwambia kwa sauti ya amri aukaze, yeye aliukaza, kisha akamuuliza kwa upole, "Kaka, kile kigingi ulichoanzia kupima ni chetu au cha jirani?" Kilikuwa cha jirani. Mpima alirudia kazi ya asubuhi nzima, na alirudi wiki iliyofuata kuhakiki, na wiki nyingine kuhakiki uhakiki, mpaka mkurugenzi wa shirika akamwambia kwamba hakuna mteremko duniani uliopimwa vizuri kama ule, na kwamba kama ana haja nyingine aiseme. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa Oktoba 1984, ambaye leo ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa Mei 1988, ambaye ni fundi wa magari, na wajukuu wanne waliokaa pale mbele. Watoto hawa watawaambia kwamba mama yao aliwakagua asubuhi kabla ya shule kwa namna ileile alivyokagua miche, akiyageuza masikio yao mbele na nyuma, na kwamba nyumbani kwao hakuna ndoo iliyokuwa ya kuogea tu, kila ndoo ilikuwa na mche ndani yake au ilikuwa inausubiri.

Shida ya kwanza ya mteremko ilikuwa vinundu. Mbegu za mvule ziliota vizuri kitaluni, lakini kidudu kidogo kilitaga kwenye majani machanga, majani yakavimba vinundu, vinundu vikaoza, na mche ukafa kuanzia kichwani, na mambo yakawa hivyo misimu mitatu mfululizo, mpaka wafadhili wakaanza kuuliza kwa adabu kama hakuna mti mwingine wa kupandwa. Marehemu ndiye aliyegundua kwamba mvule mkubwa uliosimama kando ya tangi la maji la mji, uliozaa sana hata popo wakaufanya nyumba yao, haukuwa na kinundu hata kimoja. Mwaka 1985 alishauri kwamba badala ya kupanda mbegu wachukue vipandikizi, yaani vijiti vinavyokatwa kwenye matawi ya mti na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu mpaka vitoe mizizi, na vyote vichukuliwe kutoka mti ule mmoja wenye afya. Vipandikizi vilishika, havikuvimba, na mvua za mwaka 1986 zilipoanza mteremko ulipandwa, na kila aliyekuwepo siku ile anakumbuka jinsi mkurugenzi alivyoteleza kwenye tope akiwa na suti yake, na jinsi marehemu alivyomwambia, "Bosi, hapo ulipokaa tulikuwa tumepanda." Ilikuwa miaka ya furaha. Ofisi ilinuka udongo na chai, ngazi iliunguruma kutwa, na miti ilikua.

Ni katika furaha hiyo, mwezi Februari 1987, alipokuja ofisini dereva mstaafu mwenye kiwanja ng'ambo ya kijito, mkabala na tangi la maji, kuuliza kama shirika lina neno akiuangusha mvule mkubwa uliokuwa uani kwake. Marehemu alivuka kijito akaenda kuutazama. Alimuuliza mzee yule kama amewahi kuuona ukizaa, na mzee akacheka, akasema, "Huu? Mwanangu, huu ni tasa. Mimi nimezaa tisa chini yake, wenyewe haujazaa hata moja." Marehemu aliutazama juu na chini, akasema kwamba ule unaozaa tunao, huu uende. Mti ukaenda. Dereva mstaafu, kwa shukrani, aliwapa wanandoa hao mbao za kutosha kutengeneza meza ya kulia, na hiyo ndiyo meza iliyoko sebuleni mpaka leo, ambayo wengi wenu mliiwekea mikono asubuhi mlipokuja kutoa pole. Watoto walifanyia kazi zao za shule hapo, ramani za mume wake zilichorwa hapo, na ukuta wa jirani ulipoanguka ugomvi ulimalizikia hapo.

Baada ya hapo mti wa kando ya tangi ulianza kuzaa matunda yasiyoota, na wote walisema ni uzee. Miti ya mteremkoni nayo ilikua, ikatoa kivuli, na mwaka 1999 ikazaa kwa mara ya kwanza, popo wakaja kwa mamia, na shirika likaandaa sherehe ndogo, kwa sababu sasa msitu ungejizaa wenyewe. Marehemu alikuwa na msemo wake, kwamba msitu unaohitaji kitalu si msitu bado, ni bustani kubwa, na tamaa yake moja katika kazi ile, aliyoisema tangu siku ya kuajiriwa, ilikuwa kuuona mche mmoja wa mvule mteremkoni ambao hakuna mtu aliyeupanda. Alisubiri msimu wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Chini ya miti ile ziliota nyasi, yakaota magugu, vikaota vichipukizi vya mizizi, lakini mche wa mbegu haukuota hata mmoja. Jumamosi moja ya mwaka 2002 alirudi nyumbani na matunda kwenye kapu, akayapanga mezani, akayapasua moja moja kwa kisu cha jikoni, na ndani mlikuwa na maganda ya mbegu, matupu. Mume wake alikuwa upande wa pili wa meza akisoma gazeti. Marehemu alikiweka kisu chini, akaitazama meza, akaipapasa, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ndiye alikuwa mume wao. Mimi ndiye niliyemkata."

Mti wa tangi ulikuwa jike, kwa hiyo kila kipandikizi kilichotoka kwake kilikuwa jike, na mteremko mzima ulikuwa wa mama mmoja na mabinti zake wasio na dume hata mmoja, kwa kuwa yule aliyeitwa tasa ndiye aliyekuwa akimpelekea mama yao chavua kwa upepo kutoka ng'ambo ya kijito. Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya wenzake wote na kulieleza jambo hilo lilivyo, bila kumtaja dereva mstaafu na bila kumtaja mkurugenzi aliyetia sahihi mti ule ukatwe, na kuanzia siku hiyo miti ile ikaitwa Wajane. Kwa miaka yote iliyofuata, kila kundi jipya la vijana lilipoajiriwa, somo lao la kwanza lilikuwa hilo, naye alilifundisha akicheka, na nyumbani alipogonga kikombe mezani kwa bahati mbaya alisema, "Samahani, bwana."

Wapo waliomshauri aache, wakasema mteremko ni wa kijani, watu wanapiga picha, wafadhili wameridhika, anataka nini tena. Yeye alianza kutafuta dume. Mivule iliyobaki kwenye mashamba na viwanja vya watu ilikuwa michache, na karibu yote ilikuwa majike, kwa kuwa mtu hukata kwanza mti asioona faida yake, naye alisema hawezi kumlaumu mtu kwa hilo. Kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka mitatu mume wake aliendesha gari na yeye akatazama juu, wakabishana kuhusu njia, wakala mkate na ndizi kando ya barabara, na mume wake anaomba isomwe hapa kwamba hizo ndizo zilikuwa Jumamosi njema kuliko zote alizowahi kupewa.

Dume lilipatikana Septemba 2005, katika mji wa tatu kutoka hapa, uani kwa fundi seremala, limetundikwa kamba za kuanikia nguo. Seremala alikuwa akilitunza ili amtengenezee mwanawe kitanda siku atakapooa. Marehemu alikaa kwenye benchi la kazi, katikati ya randa na misumari, akamsimulia habari za Wajane tangu mwanzo, pamoja na meza. Seremala alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta vumbi kwenye aproni yake, akasema, "Kwa hiyo mama, safari yote hii umekuja kuposa." Marehemu akajibu, "Nimekuja kuposa, baba, na nina mabinti wengi." Seremala akasema mahari ya mabinti wengi hivyo itamfilisi yule mzee wa uani, basi achukue matawi kadiri atakavyo na kitanda cha mwanawe atakitengeneza kwa mti mwingine. Tangu siku hiyo waliitana mkwe, na mkwe huyo yuko hapa leo, na jeneza mnaloliona ni kazi ya mikono yake, kwa mbao za msonobari, kwa sababu marehemu aliagiza kwamba mvule usiguswe.

Matawi ya mti mzee hayakukubali kushika mizizi, yaliozea mchangani mara mbili, na mwishowe yakashika machipukizi ya chini ya shina tu, hivyo madume hayakupandwa katikati ya Wajane hadi mvua za mwaka 2008. Mwaka uliofuata marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari. Aliendelea na kazi, akawa msimamizi wa kitalu, kisha mshauri wa shirika, akastaafu rasmi tarehe 31 Machi 2016, na kesho yake alikuwa kitaluni kama kawaida, akisema hakuna aliyemwambia kwamba kustaafu huanza asubuhi. Kufikia mwaka 2019 macho yalikuwa yamefifia, na aliwatambua watu kwa nyayo na miti kwa vidole. Mwaka 2022 figo zilishindwa, ikabidi damu isafishwe hospitalini mara mbili kwa wiki. Mwaka huohuo madume yalitoa maua kwa mara ya kwanza, vishada virefu vinavyoning'inia kama mikia ya panya, na kwa kuwa hakuweza tena kuviona, msimamizi mpya wa kitalu, binti aliyefundishwa na marehemu mwenyewe tangu alipoajiriwa, alimletea kishada kimoja, akakipukutisha kiganjani mwake, na marehemu akarudi nyumbani na chavua kwenye mkono ambao hakutaka uoshwe kabla ya chakula, mpaka muuguzi wa familia alipoingilia kati.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri, na katika kusubiri hakuna aliyemzidi. Lakini mara mbili vijana walimkimbilia na habari kwamba mche umeonekana, na mara mbili yeye aliagiza wafukue kidogo kando yake, wakakuta ni chipukizi la mzizi wa mjane wa karibu, si mtoto bali mkono wa mama yuleyule. Alifadhaika kuliko alivyoonyesha. Mara ya pili alimwambia mume wake, wakiwa wamekaa mezani, kwamba wasimletee tena habari yoyote mpaka iwe na uhakika, maana mgonjwa naye ana akiba yake ya moyo.

Ndiyo sababu, tarehe 3 Mei mwaka huu wa 2024, msimamizi wa kitalu alipoingia chumbani alisimama mlangoni, hakuthubutu kusema. Marehemu alizijua nyayo zake. "Una nini mkononi?" alimuuliza. Lilikuwa jani. Alilipokea, akaupitisha ukingo wake kwenye kidole gumba, akaukuta una meno kama msumeno, kama yalivyo majani ya mvule mchanga, lakini meno hayakumtosha, kwa sababu chipukizi la mzizi nalo lingeweza kuwa nayo. Aliligeuza upande wa chini, taratibu, kama alivyokuwa akigeuza masikio ya watoto, na kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapapasa tena mahali palepale. "Kinundu," akasema. Msimamizi alisema ndiyo, Mama, kwa masikitiko, kipo kimoja, na kwenye miche mingine vipo vingi, na kwamba angetaka kumletea jani safi lakini hakulipata. Marehemu alianza kucheka. Alicheka mpaka mume wake akatoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Mivule ya mteremkoni yote ilitoka kwa mama asiyeota vinundu, na machipukizi ya mizizi yake hayakuwahi kuota kinundu, kwa hiyo mche wenye vinundu haukuwa mkono wa mama, ulikuwa na damu ya upande wa pili, ulikuwa na baba. Ugonjwa uliowashinda miaka ya themanini ndio uliomletea habari njema. Kisha akaacha kucheka, akamkemea yule binti kwa sababu mche mdogo vile huwa hauna majani ya kugawa, na akaagiza kwamba miche hiyo isipuliziwe dawa, isiwekewe uzio, isihesabiwe mbele ya wageni, mingine itakufa na mingine itaishi, na hiyo itakayoishi haitakuwa imemwomba mtu ruhusa.

Siku zilizofuata alikuwa mchangamfu, alikula, aliuliza habari za kila mtu. Tarehe 19 Mei hali ilibadilika, akapelekwa hospitali, na madaktari walifanya yote yaliyowezekana. Alifariki Jumanne tarehe 21 Mei 2024, alfajiri, mume wake na binti yake wakiwa kando yake. Jani lile liko nyumbani, mezani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, waliomvumilia alipowaambia mimea yao ya plastiki pale dirishani ina kiu. Inawashukuru majirani, waliolinda nyumba, waliopika, na waliokaa kimya na mume wake pale maneno yalipokuwa mengi mno. Inamshukuru mkwe wake seremala. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa shirika, wa ofisi ya zamani yenye ngazi ya chuma na wa ofisi ya sasa isiyo na kelele, na inafahamu kwamba wengi wenu mmekuja na miche kwenye magari ili ipandwe kaburini. Marehemu alilitarajia hilo, na aliacha neno, kwamba miche hiyo irudi kitaluni, na kwamba mwenye kutaka kumkumbuka aende mteremkoni kwa miguu, apite polepole chini ya Wajane, na atazame anapokanyaga.

Mume wake ameomba mstari wa mwisho usomwe kama alivyouandika. Pumzika kwa amani, Bi Subiri. Tunatazama tunapokanyaga.